Ugonjwa wa Ngozi Usiwe Hukumu ya Ukoo

Wazazi wa Maretadu, wilayani Mbulu, kama walivyo wazazi wa sehemu nyingi nchini, hawaozi binti wala hawamposei kijana mchumba kabla ya kuuliza habari za ukoo wa upande wa pili. Huulizwa kama watu hao ni wachapa kazi, kama wanaheshimu wakubwa, na kama katika ukoo wao kuna ugonjwa. Desturi hiyo ina busara yake, kwa kuwa ndoa huunganisha koo mbili na si watu wawili tu. Lakini busara hugeuka kuwa dhuluma pale jibu la swali hilo linapotolewa na uvumi badala ya elimu. Mojawapo ya maradhi ambayo watu huyatolea hukumu ya namna hiyo ni ugonjwa wa ngozi uitwao soriasisi.

Swali lenyewe ni halali, na linastahili jibu la kweli. Je, soriasisi hurithiwa katika ukoo? Wako wanaojibu upesi kwamba ndiyo, hurithiwa, na kwa hiyo familia yenye mgonjwa iepukwe. Wako pia wanaojibu kwamba hapana, kwa nia njema ya kumlinda mgonjwa. Majibu yote mawili yana kasoro, na wanaopaswa kuirekebisha ni wale ambao wananchi huwaendea kwa maswali ya namna hii: walimu, waganga wa zahanati, maofisa wa ustawi wa jamii na watendaji wa kata na vijiji.

Kwanza ni vizuri ugonjwa wenyewe ufahamike. Ngozi ya binadamu hujifanya upya wakati wote. Chembe changa huzaliwa chini, hupanda juu, hufa na kupukutika, na safari hiyo huchukua kama mwezi mmoja. Kwa mgonjwa wa soriasisi safari hiyo huchukua siku chache tu. Askari wa mwili, ambao kazi yao ni kupigana na vijidudu, hushtuka bila adui kuwapo na kuiamrisha ngozi izae chembe kwa haraka isiyo ya kawaida. Chembe hizo hurundikana na kufanya mabaka manene yenye magamba meupe kama fedha, hasa viwikoni, magotini, kiunoni na kichwani. Juu ya ngozi nyeusi mabaka hayo huonekana ya kijivu, ya zambarau au ya kahawia iliyokolea, na si mekundu kama yanavyochorwa katika vitabu vingi vilivyotoka Ulaya. Kucha huweza kuwa na vishimo vidogo vidogo. Baadhi ya wagonjwa huumwa na viungo, na wasipotibiwa mapema viungo hivyo huweza kuharibika.

Hakuna kijidudu kinachotoka kwa mgonjwa na kuingia kwa mwingine. Soriasisi haiambukizwi kwa kushikana mikono, kula sahani moja, kulala kitanda kimoja wala kuvaa nguo ya mgonjwa. Jambo hili halina ubishi miongoni mwa matabibu. Mwaka 1841, huko Vienna, daktari Ferdinand von Hebra aliutenga wazi ugonjwa huu na ukoma. Kabla ya hapo maradhi hayo mawili yalikuwa yamechanganywa kwa karne nyingi, na bila shaka watu wengi wenye soriasisi walifukuzwa makwao kwa kosa la kudhaniwa kuwa na ukoma.

Baada ya hayo ndipo lije swali la urithi. Ni kweli kwamba soriasisi huonekana zaidi katika familia fulani kuliko nyingine. Wataalamu wamekwisha kutambua zaidi ya sehemu 60 za vinasaba zinazohusika, na iliyo na nguvu kuliko zote imo katika kromosomu ya 6, kwenye kinasaba kiitwacho HLA-C. Lakini kinachopokewa na mtoto kutoka kwa mzazi ni mwelekeo tu. Mwelekeo ni kama kuni kavu zilizowekwa jikoni: haziwaki mpaka zipate moto. Wengi wa watu wanaobeba aina ya HLA-C inayohusishwa na soriasisi hawaugui kamwe maisha yao yote.

Ushahidi mkubwa wa jambo hili umetoka kwa mapacha wa kufanana. Watu hao wawili wana vinasaba vilevile. Kama soriasisi ingekuwa jambo la damu peke yake, basi akiugua mmoja, mwenzake angeugua pia pasipo shaka. Sivyo ilivyo. Tafiti mbalimbali zimeonyesha kwamba pacha wa pili huugua mara 35 hadi 73 katika kila mara 100. Kiwango hicho ni kikubwa, na chatosha kuthibitisha kwamba urithi upo. Lakini mapacha wanaobaki salama wathibitisha pia kwamba urithi hautoshi.

Kwa mzazi mmoja mwenye ugonjwa, makadirio mengi ya wataalamu wa nje yanasema kwamba mtoto mmoja katika kila kumi, au kwa makadirio ya juu mmoja katika kila wanne, huenda akaupata katika maisha yake. Wazazi wote wawili wakiwa nao, hatari hukaribia nusu. Kwa maneno mengine, mtoto wa mama au baba mwenye soriasisi ana nafasi kubwa zaidi ya kutougua kuliko ya kuugua. Isitoshe, karibu theluthi moja tu ya wagonjwa ndio wanaomjua ndugu mwenye ugonjwa huo. Waliobaki hawajui yeyote. Kwa hiyo anayekataa posa kwa kuuogopa ukoo mmoja hana hakika hata kidogo na ukoo atakaoukubali.

Ule moto unaowasha kuni hizo unajulikana kwa sehemu kubwa. Kuumwa koo kunakoletwa na bakteria huweza kuamsha soriasisi kwa watoto na vijana. Jeraha au mkwaruzo huweza kuleta baka pale pale palipoumia. Mawazo mazito, ulevi, uvutaji wa sigara na unene wa kupita kiasi huuzidisha. Virusi vya Ukimwi huweza kuufanya uwe mkali sana. Zipo pia dawa zinazouchochea, na mojawapo inayotajwa ni klorokwini, ambayo hadi mwaka 2001 ilikuwa ndiyo dawa ya kwanza ya malaria nchini. Katika nyanda za juu za Mbulu, hewa kavu na baridi ya miezi ya Juni na Julai hukausha ngozi na kuongeza mateso, ingawa jua la kiasi huwasaidia wengi.

Historia ya ukoma ina fundisho kubwa hapa, na fundisho hilo haliko mbali na Maretadu. Jirani na kata hiyo ipo Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyofunguliwa mwaka 1955 kwa kazi ya wamisionari kutoka Norway, na ambayo leo ni mali ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, Dayosisi ya Mbulu. Norway hiyohiyo, katika karne ya 19, ilisumbuliwa sana na ukoma. Mwaka 1847 madaktari wake mashuhuri, Danielssen na Boeck, walitoa kitabu kilichosifiwa kote Ulaya, nao waliamini kwamba ukoma hurithiwa katika ukoo. Mwaka 1873, katika mji wa Bergen, daktari kijana Armauer Hansen, aliyekuwa chini ya Danielssen na akamwoa binti yake, alikiona kijidudu cha ukoma kwa hadubini. Mkwe akamsahihisha mkwe. Ukoma haukuwa ugonjwa wa damu ya ukoo. Uliambukizwa, na kwa kuwa uliambukizwa, baadaye ulipatiwa dawa ya kuuponya kabisa.

Tazama basi jinsi binadamu alivyokosea mara mbili. Ukoma, ambao huambukizwa, ulidhaniwa kuwa wa kurithi. Soriasisi, ambayo ina urithi ndani yake, hudhaniwa kuwa ya kuambukiza. Makosa hayo yanapingana, lakini matokeo yake kwa mgonjwa yamekuwa yaleyale: kutengwa. Hili lapaswa kuwafikirisha watumishi wanaotoa elimu ya afya. Mara nyingi husimama mbele ya wananchi na kusema kwamba ugonjwa huu hauambukizi bali ni wa kurithi, kisha huketi wakiamini kazi imekwisha. Kazi haijaisha. Mwananchi aliyekuwa akikwepa kushika mkono wa mgonjwa, sasa ataushika mkono huo, lakini atakataa kumwoza binti yake kwa ndugu wa mgonjwa. Hofu imehama kutoka kwa mtu mmoja na kuukamata ukoo mzima.

Wazee wa Kiiraqw wanaijua desturi ya metimani, ambayo nyumba iliyopatwa na misiba ya namna fulani, kama kifo cha mtoto mchanga au mimba ya nje ya ndoa, ilikaa mbali na majirani. Desturi hiyo haikuhusu soriasisi, na mengi yake yamekwisha kulegea. Lakini ilikuwa na jambo moja la kukumbukwa: kutengwa huko kulikuwa na mwisho. Muda ulitimia, watu wa nyumba ile wakarudi kwa wenzao. Hukumu inayotolewa leo juu ya ukoo kwa sababu ya ugonjwa wa ngozi haina siku ya mwisho. Humfuata mtoto aliye na afya njema, na wajukuu ambao hawajazaliwa. Ni vigumu kuona jinsi hukumu kama hiyo inavyoweza kuitwa mila njema.

Madhara yake si ya ndoa tu. Soriasisi huanza mara nyingi katika ujana, yaani katika umri wa shule na wa kutafuta mwenzi. Mwanafunzi anayeona magamba kichwani na viwikoni, na anayejua jinsi watu wanavyosema, atavaa sweta wakati wa jua kali, atakwepa michezo, na hatimaye ataacha kuja shule. Familia yake nayo itamficha ili dada zake wapate kuolewa. Anayefichwa hatibiwi. Hupelekwa usiku kwa mwenye kutafuta mchawi aliyeleta laana, au hununuliwa dukani krimu kali zisizojulikana, na vidonge vya steroidi ambavyo, vikikatizwa ghafla, huufanya ugonjwa ulipuke vibaya kuliko mwanzo.

Walimu ndio wa kwanza wanaoweza kukomesha hali hiyo. Mwalimu hana kazi ya kutaja jina la ugonjwa wa mtoto, kwa kuwa upele, mapunye, pumu ya ngozi, ukoma na soriasisi huweza kufanana machoni pa asiyefundishwa. Baka lisilo na hisia, kwa mfano, laweza kuwa ukoma, na lahitaji hospitali bila kuchelewa. Kazi ya mwalimu ni kumwelekeza mzazi kwenye zahanati, kumbakiza mtoto darasani akikaa na wenzake, na kutoruhusu dhihaka. Mwalimu wa sayansi anayefundisha habari za urithi anao mfano ulio tayari wa kueleza tofauti kati ya mwelekeo na ugonjwa, tofauti ambayo inafaa pia kwa kisukari na shinikizo la damu. Hakuna ukoo unaokataliwa posa kwa sababu babu alikuwa na shinikizo la damu.

Wauguzi na waganga nao wana sehemu yao. Soriasisi haijapata dawa ya kuiondoa moja kwa moja, lakini hutulizwa. Mafuta ya mgando ya kulainisha ngozi, dawa za kupaka za asidi ya salisiliki na za lami, na krimu za steroidi zinazotolewa kwa kipimo, huwatosha wagonjwa wengi. Walio na hali mbaya huhitaji dawa kama methotreksati, ambayo yataka vipimo vya damu na haifai kabisa kwa mama mjamzito. Mgonjwa aelezwe hayo kwa lugha anayoielewa, na akiuliza habari za watoto wake ajibiwe kwa hesabu, si kwa kuguna.

Serikali haina budi kutimiza upande wake. Mwezi Mei 1973 nchi ilianza kampeni ya Mtu ni Afya, na mamilioni ya wananchi wakakusanyika katika vikundi kusikiliza redio na kujadili maradhi yao. Mafanikio hayo yaonyesha kwamba wananchi wa vijijini hawakatai elimu. Hukosa mtu wa kuwaletea. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo KCMC, mjini Moshi, kimefundisha wataalamu wa Tanzania na wa nchi nyingine za Afrika. Lakini kutoka Maretadu hadi Moshi, kupitia Mbulu, Karatu na Arusha, ni safari ambayo mkulima wa mahindi na maharage hawezi kuifunga kila mwezi kwa ajili ya kopo la dawa ya kupaka. Mei 2014 Mkutano Mkuu wa Shirika la Afya Duniani ulipitisha azimio kuhusu soriasisi, ukizitaka nchi wanachama zipige vita unyanyapaa wa wagonjwa wake. Azimio la Geneva litakuwa na maana siku dawa ya bei ndogo itakapopatikana katika zahanati ya kijiji, na mganga wa pale atakapoitambua soriasisi kwa kuiona.

Katiba ya nchi, katika Ibara ya 12, inatamka usawa wa binadamu wote, na imani hiyo ndiyo msingi ambao Chama kilijengwa juu yake tangu siku za TANU. Usawa huo haupimwi katika hotuba peke yake. Hupimwa pia katika kikao cha posa, pale mzee mmoja anapouliza kama kuna ugonjwa katika ukoo ule. Mwalimu au mtumishi aliyealikwa katika kikao hicho asinyamaze. Aeleze kwamba ugonjwa upo na mwelekeo wake hurithiwa, kwamba watoto wengi hawataupata, kwamba atakayeupata atatibiwa, na kwamba hakuna aliyewahi kuugua kwa kukaa karibu na mwenzake. Baada ya hapo waachiwe wazee waamue, nao wataamua wakiwa na ukweli mikononi.