Tunataka zawadi kwa mwenye kufichua wezi wa mesaji, lakini ulinzi utangulie



Kila wiki tunaonyeshwa telefone zenye maneno yale yale. "Umepata kazi kwenye kampuni ya migodi, tuma dola 20 ya dosie." "Nimekutumia franga kwa makosa, unirudishie." Kwenye imeli ni bursa ya Canada, na fomu yenye kuomba numero ya siri. Mwenye kuandika anajua kama kijana aliyemaliza diplome na hana kazi atasoma mpaka mwisho. Anajua pia kama mama muuza samaki wa ziwa Kisale anaweka capital yake yote ndani ya telefone, juu hapa kwetu banki haiko karibu. Akibofya mara moja tu, mizigo ya mwezi mzima imeenda.

Wenzetu wengi wanasema: serikali ilipe mtu anayefichua hawa wezi. Tumekaa, tumejadiliana, na leo tunatoa msimamo wetu.

Wazo hili haliko jipya. Marekani ilipiga sheria ya kupambana na imeli za usumbufu mwezi wa 12 mwaka 2003. Sheria ile iliagiza tume yao ya biashara, FTC, ichunguze kama mtoa habari wa kwanza anaweza kupewa asilimia 20 au zaidi ya faini. Jibu lilitoka mwezi wa 9 mwaka 2004, na lilikuwa la tahadhari. Tume ilisema mtu wa kawaida anayepokea imeli, hata yule anayechunguza sana kwenye mashine yake, kwa kawaida hawezi kuleta ushahidi unaosimama mbele ya hakimu. Anayeweza ni mtu wa ndani: aliyefanya kazi na wezi, anayejua nani analipa na franga zinaingia wapi. Na mtu huyo hatasema kwa zawadi ndogo. Tume ilitaja kati ya dola 100.000 na 250.000, juu anahatarisha kazi yake, na pengine maisha yake.

Mwaka ule ule wa 2004 kijana wa Ujerumani aliyetengeneza virusi vya Sasser alikamatwa. Aliyemgundua si mashine. Ni watu waliomfahamu ndio walisema, na Microsoft ikalipa zawadi ya dola 250.000.

Basi tutofautishe watu wawili. Wa kwanza ni anayepokea mesaji, ni kusema sisi wote. Huyu hahitaji kulipwa, anahitaji mlango wa kugonga. Tanzania, ukipata mesaji ya wizi unaituma kwa 15040. Kenya, wateja wa Safaricom wanaituma kwa 333. Na hapa? Uliza watu kumi sokoni Kinkondja, wakuambie numero ya kutuma. Watakuangalia tu. Hata hivyo ARPTC iko tangu sheria ya 2002, na nchi yetu iko na Code du numérique tangu tarehe 13 mwezi wa 3 mwaka 2023. Wakati wa RAM, kati ya 2020 na 2022, serikali ilijua vizuri njia ya kufikia unite za kila telefone, mpaka za kijijini. Njia iliyokuwako ya kukata, iweko pia ya kulinda.

Wa pili ni mtu wa ndani. Ni kijana anayeuza karte SIM zilizoandikwa kwa jina la bibi asiyejua kitu. Ni ajenti anayeona kila jioni mtu yule yule anatoa franga kwa majina matano. Huyu ndiye zawadi inaweza kumfungua mdomo.

Lakini sisi watu wa Kongo tunajua ubaya wa neno "mtoa habari". Kesho mtu ana deni na jirani yake, anaenda kumshitaki ili apate zawadi. Kesho kutwa polisi wanakamata vijana wote wenye laptop. Kwa hiyo zawadi isilipwe kwa maneno. Uganda wana sheria ya 2010 inayompa mfichuaji asilimia 5 ya pesa zilizorudishwa kweli. Hakuna kilichorudi, hakuna zawadi. Kipimo hicho ni cha haki kuliko bahasha ya siri, na kinakumbusha kama pesa nyingine zote ni za wenyewe walioibiwa.

Tena kuna jambo zito zaidi. Gradi Koko na Navy Malela walifanya kazi ndani ya banki Kinshasa. Walitoa habari juu ya pesa walizoona zinapita vibaya. Mwezi wa 9 mwaka 2020 tribinali ya Gombe iliwahukumu kifo, wao wenyewe hawako ndani ya nchi. Ajenti wa Bukama akisikia hivyo, utamwambia nini? Kwamba atapewa asilimia 5? Mtu hanunuliwi kufungua mlango ambao nyuma yake kuna kaburi.

Kwa hiyo tunadai:

1. ARPTC na kampuni za simu waweke numero moja fupi, ya bure, kwa mitandao yote, na itangazwe redioni kwa Kiswahili na Kiluba.
2. Bunge lipige sheria inayolinda mwenye kufichua wizi: jina lake lifichwe, asifukuzwe kazi, asishitakiwe kwa kusema ukweli.
3. Zawadi ilipwe kisha hukumu, kutoka pesa zilizorudishwa, na aliyeibiwa arudishiwe kwanza.
4. Mwenye kusingizia mtu kwa kujua aadhibiwe.

Na sisi wenyewe tuanze leo. Usifute mesaji ya mwizi: piga picha ya skrini, andika tarehe na saa. Usiisambaze kwa grupu bila onyo. Usiweke numero ya mtu hadharani na kuita watu waende kwake, juu pengine karte ile iliandikwa kwa jina la bibi yako. Na ukiona mama sokoni anasoma mesaji huku anatabasamu, simama kidogo, umuulize: "Mama, ni nani amekuandikia?" Swali hilo halina zawadi, na linaweza kuokoa mizigo ya mwezi mzima.