Mahakama Huuliza Ushahidi



Kliniki ya watoto ni mahali pa kupima uzito na kuchanja, lakini sisi wauguzi tunajua kwamba kwenye yale mabenchi husemwa mengi yasiyoandikwa kwenye kadi. Swali moja hurudi mara kwa mara: "Nesi, nyumba ina jina la baba watoto peke yake, na mimi sina kazi ya mshahara. Tukiachana nitatoka na nini?" Majirani humjibu mmoja kwamba atatoka na sanduku lake tu. Mwingine huambiwa atapata nusu bila maswali. Majibu yote mawili si sahihi.

Hapa Tanzania Bara jambo hili limo katika Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 114. Mahakama inapotoa talaka au amri ya kutengana, inaweza kuamuru mali iliyochumwa kwa juhudi za wote wawili igawanywe. Huangalia mambo manne: mila za jamii yao, mchango wa kila mmoja kwa fedha, mali au kazi, madeni yaliyokopwa kwa faida ya wote, na mahitaji ya watoto wadogo. Ikishayapima hayo, inatakiwa ielekee kwenye usawa. Hata nyumba ambayo mmoja alikuwa nayo kabla ya ndoa inaweza kuingia kwenye mgawo, ikiwa mwenzake aliiendeleza kwa kiasi kikubwa.

Je, kupika, kufua na kulea ni "kazi" mbele ya sheria? Majaji walitofautiana kwa miaka mingi. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, Jaji Mkuu akiwa Francis Nyalali, ilimaliza ubishi huo. Ilisema kwamba kazi za mke nyumbani ni mchango katika kuchuma mali ya familia. Akina mama wengi wanalijua hilo. Wasilolijua ni kwamba mama aliyekata rufaa ile hakuongezewa kitu, kwa sababu mahakama iliona kuwa alitapanya fedha alizopewa na mumewe kwa mradi wa familia. Kwa hiyo mlango ulifunguliwa, lakini kila anayeingia huulizwa: wewe ulifanya nini?

Hapo ndipo wengi wetu hukwama. Hakimu hakuwepo ulipoamka alfajiri kukaanga maandazi yaliyonunua mabati. Anahitaji mashahidi na karatasi. Basi tunza stakabadhi za saruji, daftari la kikundi cha kuweka na kukopa, na cheti cha ndoa. Mnaponunua kiwanja, zungumzeni kiandikwe majina ya wote wawili, maana hapo sheria huanza kwa kuwahesabu kuwa na haki sawa. Kikiwa na jina la mmoja, huhesabiwa kuwa chake mpaka mwenzake athibitishe vingine. Jambo jingine: nyumba ya ndoa haiuzwi wala kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenzi. Usitie sahihi karatasi usiyoielewa.

Na wale ambao hawakufunga ndoa? Wakiishi pamoja miaka 2 au zaidi na watu wakawachukulia kuwa mume na mke, sheria huwadhania kuwa wanandoa. Dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi, kwa mfano kama mmoja wao ana ndoa nyingine inayozuia.

Kuhusu baba wa mtoto, njia ni ile ile. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaruhusu mahakama kupokea jina lililo kwenye rejesta ya vizazi, sherehe ya kimila aliyoifanya baba, kumkiri mtoto mbele ya watu, na majibu ya vinasaba. Hata kukataa kupimwa huhesabiwa kuwa ushahidi. Baadhi ya akina baba hutuomba tuwatazamie kundi la damu. Ndugu zangu, kundi la damu linaweza wakati mwingine kuonyesha kwamba fulani hawezi kuwa baba, lakini haliwezi kuthibitisha kwamba ndiye. Kazi hiyo ni ya kipimo cha vinasaba, kinachofanywa na Mkemia Mkuu wa Serikali. Mama, mwandikishe mtoto mapema, wakati bado hakuna ugomvi.

Mashauri ya talaka kwa kawaida huanzia kwenye Baraza la Usuluhishi wa Ndoa. Likishindwa kuwapatanisha hutoa cheti, na ndipo mtu huenda mahakamani, hata Mahakama ya Mwanzo. Usilidharau baraza. Ndoa nyingine hupona pale pale.

Pengine utasema, "Kuweka karatasi ni kujiandaa kuachwa." La hasha. Kadi ya chanjo hatuitunzi kwa kuwa tunamtakia mtoto ugonjwa. Nyumba ambayo mume na mke wanajua hati iko wapi na deni ni kiasi gani ina maneno machache ya kugombania. Jioni moja wiki hii, watoto wakishalala, muulize baba kwa upole: "Hati yetu tumeiweka wapi?" Kisha mkaitazame pamoja.

Tukutane mwezi ujao, tukijaliwa uzima.