Jina Lako Liandikwe Kabla Hujapanda

Sisi wa Kigoma na Ujiji tunaijua safari ya usiku ziwani. Meli inaondoka gatini. Jua linazama upande wa Kongo. Giza likiingia, taa za wavuvi wa dagaa zinawaka juu ya maji kama mji. Abiria wanatandika mikeka kati ya magunia. Maji yametulia, na mioyo nayo inatulia.

Hapo ndipo tunapojisahau. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilometa zipatazo 670. Kina chake kinapita meta 1,400. Utulivu wa usiku haukipunguzi kina hicho.

Wazee wetu walisafiri kwa Liemba. Meli hiyo iliundwa Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa Kigoma vipande vipande. Ilizamishwa wakati wa vita mwaka 1916, ikaibuliwa mwaka 1924, ikaanza kazi tena mwaka 1927. Vijiji vingi havikuwa na gati. Watu waliifuata meli kwa mitumbwi usiku wa manane, watoto wakiwa mgongoni, wakapanda kwa kusukumana. Haraka hiyo tunayo mpaka leo. Katika haraka hiyo, nani anauliza kama jina lake limeandikwa?

Tukumbuke MV Bukoba. Ilisafiri usiku kutoka Bukoba. Asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996, ilipokaribia Mwanza, ilipinduka ikazama. Ilikuwa imejaza watu kupita kiasi. Mamia walikufa. Abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha ya majina. Kwa hiyo idadi kamili ya waliokufa haikujulikana. Mwaka 2018 kivuko cha MV Nyerere kilizama karibu na kisiwa cha Ukara. Kilitengenezwa kuchukua watu 101. Waliokufa walizidi 220.

Wengi husema, "Ajali haina kinga." Mimi sikubali. Upepo hatuwezi kuuzuia. Lakini kujaza chombo kupita kiasi kuna kinga, na kinga yenyewe ni kuhesabu watu. Karani akiandika majina yote, atajua chombo kimejaa. Na msiba ukitokea, ndugu zako watajua ulikuwemo. Asiyeandikwa hatafutwi.

Siku moja nilipanda boti ya kurudi Ujiji. Nilikuwa na mama mmoja wa darasa letu la kisomo. Alikuwa amejua kusoma kwa miezi michache tu. Alipolipa nauli, aliinama akasoma daftari la karani. Akakuta pameandikwa: "Mama, 1."

Akasema, "Mwanangu, hilo si jina langu. Humu mna akina mama wangapi?"

Watu wakacheka. Karani alikasirika, lakini mama hakuondoka. Alitaja jina lake, la baba yake na la kijiji chake. Karani akaandika. Waliokuwa nyuma yake nao wakaanza kutaja majina yao. Tulichelewa kuondoka, na wengine walinung'unika.

Mimi niliona aibu. Nina cheti cha ualimu wa watu wazima, lakini nilikuwa nimekwisha kaa bila kutazama. Nikarudi kusoma. Nilikuwa nimeandikwa: "Mwalimu, 1."

Utaniambia, "Mwalimu, nikikataa kupanda chombo kilichojaa, dagaa wangu wataharibika, na chombo kingine hakiji upesi." Ni kweli. Hasara hiyo ni kubwa kwa mtu maskini. Tena kazi ya kuzuia vyombo vilivyojaa ni ya wenye vyombo na serikali kwanza. Lakini dagaa watavuliwa tena. Wewe huwezi kuibuliwa kama Liemba ukaanza kazi upya.

Basi, ndugu msomaji, utakaposafiri fanya haya:

1. Taja jina lako kamili, kisha soma lilivyoandikwa.
2. Mtoto wako naye aandikwe, hata kama halipi nauli.
3. Soma pameandikwa wapi idadi ya abiria wanaoruhusiwa.
4. Uliza maboya ya kuokolea maisha yako wapi kabla hujatandika mkeka.

Umejifunza kuandika jina lako kwa jasho. Usikubali mtu mwingine aliandike "mmoja".

Jadilianeni darasani: Katika safari yako ya mwisho ziwani, jina lako liliandikwa?