Gereza Likipelekwa Mbali, Nauli Anailipa Nani?

Hoja ya kuyatoa magereza ya Dar es Salaam mjini na kuyapeleka vijijini haiishi kurudi. Utaisikia kwenye foleni ya Keko, kwenye daladala za Gongo la Mboto, na kwa madalali wanaoliangalia eneo la gereza la Segerea kama kiwanja kinachopotea. Wanaoitoa wana sababu zao, na wengine wana nia njema. Lakini sababu hizo hazisimami, na atakayeumia zikikubaliwa ni mtu ambaye hajawahi kuulizwa.

Wanaanza kwa kusema kwamba gereza halistahili kukaa mjini. Lakini mji ndio uliolifuata gereza. Ukonga na Segerea palikuwa pembezoni, mashamba na mapori, nyumba zikaja baadaye. Ukilihamishia Chalinze leo, viwanja vitapimwa kulizunguka na hoja hii itaanza upya huko.

Lakini kuna jambo zito kuliko ardhi. Keko, pale Temeke, na Segerea ni magereza yenye mahabusu wengi, yaani watu ambao kesi zao bado ziko mahakamani. Ibara ya 13 ya Katiba inakataza mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mwenye hatia kabla haijathibitika. Mahabusu huyu kesi yake inatajwa Kisutu au Temeke, upelelezi haujakamilika, inaahirishwa wiki mbili, halafu wiki mbili tena. Katika muda huo anayemshikilia asizame ni mama yake, mke wake au dada yake. Yeye ndiye anayetafuta wadhamini, anayefuata barua ya serikali ya mtaa, anayempelekea sabuni na nguo, na anayemweleza wakili yaliyotokea. Kutoka Mbagala hadi Keko anakwenda na kurudi kwa daladala, kisha jioni anafungua genge lake. Mpeleke mahabusu huyo Morogoro, kilomita 190 hivi kutoka Dar, na safari moja inamla siku nzima pamoja na mtaji wa nyanya. Atakwenda mara ya kwanza na ya pili, kisha atashindwa, na mahabusu atabaki bila mtu wa kumhangaikia nje.

Nitajibiwa kwamba tangu kipindi cha korona mahakama husikiliza baadhi ya mashauri kwa video. Ni hatua nzuri, na inapunguza safari za karandinga. Ila kupitia kioo kile mama hamwoni mwanawe wala hampi dawa, na wakili hawezi kukaa na mteja wake faragha wakaipitia hati ya mashtaka mstari kwa mstari.

Wanasema pia kwamba kijiji kitakachopokea gereza kitaendelea. Ahadi hii naiogopa kuliko zote, kwa sababu inatolewa kwa watu wenye shida ya kweli. Askari magereza huajiriwa kitaifa na kuhamishwa kitaifa. Kijana wa kijiji hapati nafasi kwa kuwa jirani wa uzio. Askari anakaa kota, na chakula cha wafungwa kwa sehemu kubwa kinatakiwa kitoke kwenye shamba la gereza lenyewe, kwa hiyo soko la kijiji halipati mnunuzi mkubwa. Palizi ambayo ingekuwa kibarua cha wanakijiji inafanywa na wafungwa. Na shamba la gereza ni ardhi ambayo kijiji hakitailima wala kuchungia tena.

Watanitajia Mbigiri, wilayani Kilosa, penye shamba la gereza, ambako Rais Samia alifungua kiwanda cha sukari Agosti 2024. Nakubali, kiwanda kile kina manufaa. Lakini kilichokijenga kwa sehemu kubwa ni mtaji wa mfuko wa hifadhi ya jamii, na kinachoajiri watu na kununua miwa ni kiwanda. Kijiji kikitaka kiwanda, kipewe kiwanda. Huko California, Ruth Wilson Gilmore aliandika kitabu mwaka 2007 kuhusu miji midogo ya wakulima iliyokubali magereza kwa matumaini ya ajira, na akaonyesha kwamba ahadi zile kwa kiasi kikubwa hazikutimia.

Kuna wanaosema wafungwa wakalime wajilishe, hoja aliyoisisitiza Rais Magufuli Julai 2018 alipomwapisha Kamishna Jenerali wa Magereza. Kwa aliyehukumiwa, kazi na ufundi vina maana, mradi atoke na ujuzi. Mahabusu ni habari nyingine: sheria hailazimishi mtu ambaye hajahukumiwa kufanya kazi zaidi ya kusafisha anapolala. Kumpeleka shambani hakumlishi mtu yeyote.

Kwamba gereza huleta wezi mtaani, nitasema kidogo tu. Anayeachiwa Segerea anarudi kwao Manzese au Tandika, hapangi chumba nje ya geti.

Inabaki hoja ya msongamano, na hapa tunakubaliana kuhusu tatizo. Tarehe 9 Desemba 2019 wafungwa 5,533 walisamehewa kwa siku moja, na bado magereza yakajaa tena. Yanajaa kwa sababu mlango wa kuingilia ni mpana. Kwa miaka mingi mahabusu wamekuwa karibu nusu ya waliomo ndani. Mei 2020 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha 148(5) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, kinachozuia dhamana kwa baadhi ya makosa, kinakiuka Katiba; Agosti mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo. Tangu hapo suala limebaki mikononi mwa Bunge. Na tuna Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002, inayomruhusu hakimu, kwa makosa ambayo adhabu yake haizidi kifungo cha miaka mitatu, kumwacha mkosaji afanye kazi za umma huku akilala kwake.

Kwa hiyo waheshimiwa wabunge wa Temeke na Kinondoni, kabla hamjaunga mkono kupimwa kwa eneo la gereza jipya mkoa mwingine, leteni bungeni marekebisho ya dhamana. Nanyi waheshimiwa mahakimu, itumieni sheria ya 2002. Mtu anayesubiri kesi yake abaki karibu na mahakama na karibu na watu wake.