Kumi Wakitimia

Neno yubile tumelipata kwa Wayahudi. Asili yake ni pembe ya kondoo dume iliyopulizwa kutangaza mwaka wa hamsini, mwaka ambao, kwa mujibu wa kitabu cha Mambo ya Walawi, mtumwa hurudi kwao na shamba lililouzwa humrudia mwenyewe. Sisi tunalitumia kwa ndoa, kwa shule za misheni, kwa vyama vya ushirika na kwa mapadri, na ni nadra tukumbuke lilikotoka. Tuna sababu nzuri ya kulirudisha nyumbani. Abayudaya, jumuiya ya Wayahudi wa mashariki mwa Uganda, walitimiza miaka 100 mwaka 2019. Hizo ni yubile mbili kwa mpigo.

Abayudaya ni neno la Kiganda, na msemaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani: aba ni wa, na Abayudaya ni Wayahudi. Wanaishi katika vijiji vinavyouzunguka mji wa Mbale, chini ya mlima Elgon, na sinagogi lao kubwa liko kwenye kilima cha Nabugoye. Idadi inayotajwa mara nyingi ni watu wapatao 2,000, pungufu ya wanafunzi wa shule mbili tatu kubwa za sekondari. Kinachotufanya tuwaandikie tahariri ni jambo ambalo kila msikiti, kila kanisa na kila chama katika Afrika Mashariki kinaweza kulitazama kwa faida yake. Katika miaka 100 hiyo, 89 ya mwanzo walikaa bila rabi hata mmoja wa kwao aliyetawazwa. Jumuiya haikufa, kwa sababu wanachama wenyewe waliibeba mabegani.

Habari yao inaanza na mtu aliyekuwa akitafuta kitu kingine kabisa. Semei Kakungulu alikuwa jemadari wa Kiganda aliyewasaidia Waingereza kueneza utawala wao mashariki mwa Uganda. Alitumaini kuwa jasho lake lingelipwa kwa ufalme wa huko. Waingereza walimpa kazi, kisha wakampunguzia madaraka kidogo kidogo, na ufalme haukuja. Akajitenga nao. Akaingia katika kundi la Wamalaki, waliokataa dawa za hospitali, na akawa anaisoma Biblia kwa makini kuliko hata wale waliomletea. Alipofika kwenye tohara na Sabato aliuliza kwa nini hazifuatwi, akajibiwa kuwa hayo ni mambo ya Wayahudi. Jibu lake lilikuwa la vitendo: mwaka 1919 alitahiriwa, akawatahiri wanawe, na akatangaza kuwa yeye na wafuasi wake sasa ni Wayahudi.

Mwaka 1903, miaka 16 kabla ya hapo, serikali ya Uingereza ilikuwa imewapendekezea viongozi wa Kizayuni ardhi ya Uasin Gishu, katika Kenya ya leo, iwe kimbilio la Wayahudi waliokuwa wakiuawa Urusi. Mpango ule ulijadiliwa, ukatumiwa wakaguzi, na mwaka 1905 kongamano lao likaukataa. Uyahudi ambao serikali kubwa ilitaka kuuleta kwa meli na reli ulikuja kuota wenyewe ng'ambo ya pili ya Elgon, kwa kusoma tu.

Mwaka 1920 alipita kwao mfanyabiashara Myahudi aliyeitwa Yosefu. Alikaa nao kama miezi sita, akawafundisha kalenda, sikukuu, vyakula vinavyoruhusiwa na namna ya kuchinja, kisha akaenda zake. Miaka miwili baadaye Kakungulu alitoa kitabu cha sala na kanuni kwa Kiganda. Mwaka 1928 alifariki. Hebu fikiria mtaji waliobaki nao: miezi sita ya darasa, kitabu kimoja chembamba, na Biblia. Wengine walirudi kwenye Ukristo. Waliobaki waligawana kazi: mmoja anajua kuchinja, mwingine anajua kuhesabu mwezi, mama fulani anazijua nyimbo, mzee fulani anakumbuka Yosefu alisema nini. Aliyetaka kuwa mfalme aliacha nyuma yake watu ambao hawakuwa na mfalme wala askofu, na pengine ndiyo maana walidumu. Ukimwondoa mkuu, jumuiya ya namna hiyo inabaki na akili zake zote.

Jambo hilo lilikuja kujaribiwa. Idi Amin aliposhika nchi mwaka 1971, dini yao ilipigwa marufuku na masinagogi yakafungwa. Inakadiriwa kuwa walikuwa 3,000 kabla ya hapo, na kwamba walioendelea kujiita Wayahudi hadi mwisho wa utawala ule walikuwa kama 300. Walisali majumbani, kwa sauti ya chini. Gershom Sizomu, aliyekuwa mtoto wakati huo, amesimulia jinsi baba yake alivyokamatwa kwa kosa la kujenga kibanda cha Sikukuu ya Vibanda, na jinsi alivyoachiwa baada ya kutolewa mbuzi.

Utawala wa Amin ulifika mwisho Kampala ilipoangukia mikononi mwa JWTZ, jeshi la Tanzania, na wapiganaji wa Uganda waliokuwa nao, tarehe 11 Aprili 1979. Kwa kalenda ya Kiyahudi, jioni ya siku hiyo hiyo ilikuwa ndiyo mwanzo wa Pasaka, usiku wa kusimulia kutoka utumwani Misri. Zipo familia Tanzania ambazo hadi leo zina picha ukutani ya kijana aliyekwenda vita vya Kagera asirudi. Tunaomba zijue kwamba katika vijiji vya Mbale, ukombozi ule na Pasaka viliangukia usiku mmoja.

Baada ya hapo ilikuwa zamu ya vijana. Katika miaka ya 1980 kundi la vijana lilikwenda kuishi na kulima pamoja Nabugoye, wakajiita kibbutz kama mashamba ya ujamaa ya Israel, wakawafuata wazee na kuwaomba wafundishe walichokijua kabla hakijazikwa nao. Hawakusubiri mfadhili wala barua kutoka ng'ambo. Wageni wa kwanza kutoka Marekani walipoanza kufika katika miaka ya 1990, walikuta sinagogi linasaliwa na nyimbo zinaimbwa. Zaburi zilikuwa zimetungiwa sauti za Kiganda, na Lekha Dodi, wimbo wa kuipokea Sabato Ijumaa jioni, ulikuwa umevishwa sauti ya nyumbani. Mwaka 2003 nyimbo hizo zilitolewa na Smithsonian Folkways, na albamu ile ikateuliwa kuwania tuzo ya Grammy. Sizomu mwenyewe alikwenda kusoma Los Angeles, akatawazwa kuwa rabi mwaka 2008, akarudi Nabugoye. Mwaka 2016 alichaguliwa pia kuwa mbunge, na wapiga kura ambao wengi wao hawakuwa wa dini yake.

Tukae kidogo kwenye hesabu ya watu kumi, maana ndiyo roho ya yote haya. Katika Uyahudi ibada kamili ya jumuiya ina akidi yake, nayo ni watu wazima kumi. Huitwa minyani. Rabi mwenye elimu zote akiwa na wenzake wanane, hawatoshi. Wakulima kumi wasio na rabi, wanatosha. Bila kumi Torati haisomwi hadharani kwa utaratibu wake, na sala kadhaa zinarukwa. Mojawapo ni Kadishi, ambayo aliyefiwa huisema kwa ajili ya mzazi wake au ndugu yake aliyekufa. Hawezi kuisema peke yake chumbani. Anahitaji wengine tisa wasimame naye na kuitikia.

Msomaji wetu hahitaji kuelezwa zaidi. Kwetu pia mtu asiyefika msibani hukumbukwa miaka mingi. Lakini angalia sheria hii inavyokwenda hatua moja mbele: mwenye msiba anakuhitaji leo, kesho na wiki zinazofuata, matanga yakiwa yameshaanuliwa na sufuria zimerudishwa kwa wenyewe. Ukibaki shambani asubuhi hiyo kwa kudhani kwamba wengine watakwenda, na jirani yako naye akadhani hivyo hivyo, mtoto wa marehemu atasimama na watu saba, na sala yake haitasemwa. Uanachama wa aina hiyo hauwezi kulipiwa kwa simu. Unalipwa kwa miguu.

Sasa, hao kumi ni nani? Kwa desturi ya kale walihesabiwa wanaume peke yao. Nabugoye wanafuata mkondo wa Masorti, hasa tangu jopo la marabi wa mkondo huo lilipofika mwaka 2002 na kuwaingiza rasmi mamia ya Abayudaya katika dini, na katika ibada ya huko mwanamke anahesabiwa kwenye akidi na anaitwa kusoma Torati kama mwanamume. Chukua kijiji chenye wanaume sita na wanawake saba wanaosali. Kwa hesabu ya zamani hakina ibada kamili; kwa hesabu ya Nabugoye kina ibada na watu watatu wa ziada. Wapo ndugu zao, hasa wa kijiji cha Putti, walioshika njia ya Kiothodoksi na wanahesabu kwa desturi ya kale, kwa dhamiri safi. Hatuna mamlaka ya kuamua kati yao. Ila tunaruhusiwa kufurahi, nasi tunafurahi, tukiona binti wa kijijini akisimama mbele ya bibi yake na kuisoma Torati kwa Kiebrania.

Nabugoye hawakuishia hapo katika kuhesabu. Joab Jonadab Keki, mmoja wa vijana wale wa miaka ya 1980, alikuwa New York tarehe 11 Septemba 2001 na aliyashuhudia mashambulizi. Aliporudi alipita kwa majirani nyumba kwa nyumba, Waislamu na Wakristo, akiwaomba wauze kahawa yao pamoja. Mwaka 2004 ushirika wa Mirembe Kawomera ulizaliwa, yaani amani tamu, ukipata mnunuzi California, na uongozi wake ukachanganywa kwa makusudi kutoka dini zote tatu.

Anayejua kazi ya arabika ataelewa kwa nini mpango huo ni zaidi ya maneno mazuri. Tunda jekundu likichumwa asubuhi ni lazima limenywe siku hiyo hiyo. Likilala kwenye gunia hadi kesho linachacha ndani ya ngozi yake, na uchachu huo hautoki tena hata uoshe namna gani. Likishamenywa, mbegu zina utelezi kama wa bamia. Zinalazwa usiku zichachuke kwa kipimo, zinaoshwa kwa maji safi, kisha zinaanikwa kwenye vichanja. Hapo kuna kazi ya mikono: kuzigeuza kila mara, kuokota zilizovunjika na zenye madoa, kuzifunika mawingu yakikusanyika, siku baada ya siku, mpaka ganda la nje liwe kavu na kulia kama karatasi ukilifinya. Mvua ya Elgon haiulizi kama ni Ijumaa, Jumamosi au Jumapili. Mkulima anayeuza kupitia ushirika anabeba jina la wenzake katika gunia lake, kwa sababu gunia moja lililochacha linaharibu sifa ya yote. Kuaminiana huko hakuwezi kuigizwa mbele ya kamera. Kunaonekana kwenye kikombe cha mteja.

Shule ya msingi ya Hadassah na sekondari inayobeba jina la Semei Kakungulu zinapokea watoto wa dini zote, na kituo cha afya cha Tobin mjini Mbale hakimuulizi mgonjwa anasali wapi. Nchini Kenya, Wayahudi wachache wa Kasuku, upande wa Nyahururu, wana udugu wa karibu na Nabugoye.

Siku ya sherehe si siku ya kuficha maumivu. Mwaka 2018 wizara ya mambo ya ndani ya Israel ilikataa ombi la Mwabayudaya aliyetaka kuhamia huko kwa haki wanayopewa Wayahudi wengine duniani. Watu walioificha Sabato yao mbele ya askari wa Amin waliambiwa na ofisi kwamba haiwatambui. Inauma, na tunasema bila kusita kwamba hawakustahili jibu hilo. Lipo pia jambo la upande wao wenyewe, nalo tunalisema kwa upendo. Sinagogi jipya la Stern, lililofunguliwa mwaka 2016, limejengwa kwa msaada mkubwa wa marafiki wa Marekani, na ni jengo zuri. Misaada imeleta madarasa, dawa na maji. Inaweza pia kumzoesha mwanachama kungoja. Kizazi kilichokuta kila kitu kimejengwa kina kazi ngumu kuliko kile kilichokuta magofu, na vijana wa Mbale, kama vijana wa kila mahali, wanakwenda Kampala kutafuta maisha.

Wayahudi wengi hawapendi kuwahesabu watu kwa tarakimu. Wakitaka kujua kama minyani imetimia, huchukua aya ya Zaburi ya 28 ambayo kwa Kiebrania ina maneno kumi, wakampa kila mtu neno lake badala ya namba. Wakikuyu watalielewa hilo haraka, wao ambao koo zao kumi huzitaja kuwa kenda mũiyũru, tisa iliyojaa, kwa kuogopa kuwahesabu watu kama mbuzi. Jua likianza kushuka Ijumaa hii pale Nabugoye, mtu mmoja atasimama na kutupa macho benchi kwa benchi, akigawa maneno kimyakimya: hili la mzee, hili la mama aliyetoka kuanua kahawa, hili la binti yake. Likibaki neno moja lisilo na mtu, watachungulia njiani.