TUZIJUE NCHI ZA WATU: Maji ya Hispania

Leo twende Hispania, nchi ya kusini-magharibi ya Ulaya. Mlango wa bahari wa Gibraltar, wenye upana wa kilometa 14 tu mahali pembamba, ndio unaoitenga na Afrika yetu. Kila mwaka wageni wengi hufika kule, huota jua la pwani, kisha hurudi kwao wakidhani wameiona nchi. Bali Hispania haina sura moja. Anayetaka kuifahamu, na aulize kila anapofika: Maji yenu hutoka wapi, na nani huyagawanya?

Tuanze kaskazini-magharibi, katika jimbo la Galicia. Pepo za bahari ya Atlantiki huleta mvua tele. Mjini Santiago de Compostela hunyesha zaidi ya milimeta 1,500 kwa mwaka. Majani ni mabichi, ng'ombe wanenepa, mahindi yastawi. Lakini unyevu ni adui wa chakula. Kwa hiyo wakulima wa kule walijenga ghala zao juu ya miguu ya mawe, wakaacha matundu ya kupitisha hewa, na juu ya kila mguu wakaweka jiwe bapa ili panya wasipande. Nani miongoni mwetu asiyeijua hekima hiyo?

Katikati ya nchi ni uwanda wa juu uitwao Meseta. Mji mkuu, Madrid, uko huko, kama meta 650 juu ya usawa wa bahari. Milima huyazuia mawingu. Basi majira ya baridi huuma, na kiangazi huchoma. Katika La Mancha mito ilikuwa dhaifu mno kuzungusha mawe ya kusagia ngano, ndipo watu wakautumikisha upepo. Vinu vyao vyeupe vyasimama hata leo juu ya vilima vya Consuegra na Campo de Criptana. Ukishuka mpaka Almería, kusini-mashariki, mvua ya mwaka mzima ni kama milimeta 200 tu.

Sasa tufike Valencia, penye bahari ya Mediterania. Hapo pia mvua ni chache, lakini bustani zake ni za ajabu: michungwa, mboga, na mpunga kando ya ziwa la Albufera. Siri yake ni mifereji. Waislamu waliingia Hispania mwaka 711, na utawala wao wa mwisho, ule wa Granada, ulianguka mwaka 1492. Ufundi wao wa kumwagilia mashamba haukuondoka. Hata neno la Kihispania la mfereji, *acequia*, lina asili ya Kiarabu.

Lakini mahali penye maji haba, ugomvi hauko mbali. Huyu amefungua mlango wa mfereji kabla ya zamu yake; yule ameacha maji yamharibie jirani mazao. Kwa ajili hiyo wakulima wana baraza lao la maji tangu karne nyingi. Kila Alhamisi saa sita mchana, wazee wanane waliochaguliwa na wakulima wenzao huketi mbele ya mlango wa Mitume wa kanisa kuu la Valencia, wamevaa kanzu nyeusi. Kila upande hujitetea kwa kinywa chake, bila wakili. Mzee wa mfereji wenye shauri hashiriki kuamua. Hukumu hutolewa papo hapo. Mwaka 2009 UNESCO ililiandika baraza hilo katika urithi wa wanadamu.

Hata hivyo, maji hayo hayo yaweza kuua. Mwaka 1957 mto Turia ulifurika mjini Valencia; baadaye ukachimbiwa njia mpya kusini ya mji, na mahali ulipopita zamani pakawa bustani ndefu. Tena tarehe 29 Oktoba 2024, mahali pengine mvua ya mwaka mzima ilinyesha kwa saa chache. Watu zaidi ya 220 walikufa katika mkoa wa Valencia, wengi wao katika vijiji na miji ya kando ya vijito ambavyo kwa kawaida huwa vikavu. Kijito kikavu hakijafa. Chaingojea mvua yake. Anayejenga juu ya njia ya maji amevunja zamu, sawa na yule mwizi wa mfereji, na hukumu yake ni kali kupita ile ya wazee.

Basi, msafiri akifika Valencia siku ya Alhamisi, asimame kimya penye mlango ule. Huenda mwitaji akaitaja mifereji yote, mmoja mmoja, pasipo mshtaki kujitokeza, na baraza likaisha kwa dakika chache. Asinung'unike kwamba hakuona kitu. Ameona majirani ambao juma lile walipatana wenyewe kandokando ya mfereji.