Kabla hujamcheka mwimbaji wa runinga

Hebu niambie ukweli, msomaji. Ni mara ngapi umeketi sebuleni na jamaa zako mkitazama kipindi cha muziki, na mwimbaji alipoanza tu, mmoja wenu akadakia: "Ala! Kumbe huyu hajui kuimba! Mbona kwenye redio huwa mtamu?" Watoto wakacheka, baba akaitisha rimoti, na kesi ikaishia hapo.

Huenda hukumu hiyo ilikuwa ya haki. Waimbaji wasiojua kazi yao wapo. Lakini aghalabu mwenye kosa si yule unayemwona. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na kitanda cha muziki wa moja kwa moja kwenye runinga kina kunguni wengi.

Chukua mfano wa Adele, Mwingereza ambaye ni nadra kusikia mtu akitilia shaka kipawa chake. Tarehe 15 Februari 2016 alipanda jukwaani mjini Los Angeles, Marekani, kuimba "All I Ask" katika sherehe za tuzo za Grammy. Wimbo huo hutegemea piano. Mara watazamaji wakasikia mlio wa ajabu, kama gitaa ambalo nyuzi zake zimelegea. Baadaye Adele alieleza kwamba maikrofoni za piano zilikuwa zimeanguka juu ya nyuzi zake. Studioni, kosa kama hilo hurekebishwa kwa dakika chache: mnasimama, mnapanga upya, mnarudia. Kwenye runinga, mamilioni ya watu walikuwa wamekwisha kusikia.

Ugumu wa kazi hii ni kwamba wimbo mmoja unahudumia masikio ya aina tatu kwa wakati mmoja. Kuna masikio ya mwimbaji, ambaye asipojisikia mwenyewe hupotea sauti. Kuna masikio ya waliomo ukumbini. Na kuna yako wewe uliye nyumbani. Kila kundi linataka mchanganyiko wake.

Tuseme bendi inapiga katika ukumbi mdogo. Ngoma zina kishindo chake hata bila maikrofoni, kwa hivyo fundi wa ukumbini huziongezea nguvu kidogo tu na kuipandisha sauti ya mwimbaji. Waliomo humo wanafurahi. Lakini ukichukua mchanganyiko huo huo ukaupeleka hewani, wewe nyumbani utamsikia mwimbaji akipiga kelele peke yake, ngoma zikiwa mbali kama za kijiji cha jirani! Ndiyo sababu katika vipindi vikubwa sauti ya kila maikrofoni hugawanywa, na fundi mwingine akachanganya ya nyumbani pekee. Mara nyingi fundi huyo yumo ndani ya gari lililoegeshwa nje, na jukwaa analiona kwenye skrini tu. Asipoweka maikrofoni za kunasa makofi na vigelegele, utadhani mwimbaji anaimbia viti vitupu. Isitoshe, hajui kama una spika kubwa au runinga ndogo inayomeza besi yote.

Kisha kuna suala la kamera. Mwelekezi wa picha hataki uso wa mwimbaji ufichwe, hivyo maikrofoni husogezwa mbali na mdomo. Ikikaa mbali, hunasa pia ngoma zilizo nyuma. Fundi akiiongezea nguvu, inaanza kunasa sauti inayotoka kwenye spika na kuirudisha huko huko, na hapo hutokea ule mlio mkali ambao bila shaka umewahi kukuumiza masikio harusini au kanisani.

Sauti nayo haina haraka. Husafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Mwimbaji akitegemea mwangwi kutoka ukuta ulio mita 17 mbele yake, sauti huenda na kurudi kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde. Hiyo inatosha kumtoa kwenye mdundo. Kwa sababu hiyo wengi huvaa vidude vya kusikilizia masikioni, na kimoja kikizimika katikati ya ubeti, mwenyewe anabaki kama kipofu njia panda.

Kwa kuyaogopa haya, wengine huamua kutumia muziki uliorekodiwa. Tarehe 2 Februari 2014, Red Hot Chili Peppers walitumbuiza wakati wa mapumziko ya fainali ya Super Bowl huko New Jersey. Watu wakagundua kwamba magitaa hayakuwa yameunganishwa. Mpiga besi wao, Flea, alikiri waziwazi: uimbaji ulikuwa wa moja kwa moja, ila ala zilirekodiwa kabla, kwani muda wa kupanga jukwaa ni dakika chache mno. Mimi siwalaumu. Bendi ikisema ukweli, hakuna aliyedanganywa.

Hata hivyo, mimi nampenda zaidi anayethubutu. Adele alirudi kwenye jukwaa la Grammy tarehe 12 Februari 2017, kumwimbia marehemu George Michael. Aliposikia kwamba ameanza vibaya, alisimamisha muziki, akaomba radhi mbele ya dunia nzima, akaanza upya. Alipomaliza, ukumbi ulimshangilia. Hata sisi tuna mashujaa wetu. Unakumbuka Tusker Project Fame, lililoanza hapa Nairobi mwaka 2006 na Valerie Kimani akaibuka mshindi? Vijana wale waliimba huku Afrika Mashariki ikiwatazama.

Basi nawe mwanafunzi unayependa muziki lakini huna sauti ya kuimba, usikate tamaa. Fundi wa sauti ni mwanamuziki pia, ila ala yake ni masikio. Anza na mitambo ya kanisani au ya kwaya ya shule. Kaa mbele, kisha kaa nyuma, usikilize tofauti.

Nawe mzazi, Jumapili ijayo mwimbaji akikwaruza, waulize watoto: "Je, ni koo lake au ni maikrofoni?" Mwanao anayekusikia ukimcheka mgeni kwenye runinga ndiye huyo huyo utakayemwomba kesho asimame mbele ya watu aimbe.